Shule ya Serikali na Imani ya Mtoto



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, napenda kusema machache juu ya jambo liwatialo wazazi wengi wasiwasi, nalo ni nadharia ya mageuko ya viumbe, ambayo watoto wetu huikuta katika somo la biolojia. Wako wasemao, “Serikali na ilipige marufuku.” Kabla hatujasema hivyo, yafaa tuitazame nchi iliyokwisha kulijaribu jambo hilo, yaani Marekani.

Mwezi wa Machi 1925, jimbo la Tennessee lilimkataza mwalimu wa shule ya serikali kufundisha nadharia yo yote ikanayo uumbaji wa mtu kama ulivyoelezwa katika Biblia. Mwezi wa Julai, katika mji mdogo wa Dayton, mwalimu kijana, John Scopes, alihukumiwa kulipa faini ya dola 100. La ajabu ni kwamba kitabu kilichomponza kilikuwa kimeidhinishwa na jimbo lile lile. Mwaka 1927 hukumu ilitanguliwa, kwa kuwa faini ilikatwa na jaji peke yake. Lakini sheria ilidumu hadi 1967.

Mwaka 1968 Mahkama Kuu ya Marekani iliibatilisha sheria ya namna hiyo ya Arkansas. Mwaka 1987 iliibatilisha ya Louisiana, iliyotaka mageuko yasifundishwe pasipo kufundishwa pamoja nayo “sayansi ya uumbaji.” Na mwaka 2005, huko Dover, Pennsylvania, wazazi 11 walioishitaki bodi ya shule kwa jambo lililo karibu na hilo walishinda.

Angalieni, ndugu zangu. Katika kesi hizi tatu majaji hawakuulizwa kama Mungu yupo. Waliulizwa kama serikali ina haki ya kuitia dini ya kundi moja katika somo la watoto wa wote. Sheria ya Tennessee iliitaja Biblia. Mtoto wa Kiislamu angaliketi chini yake vile vile. Nasi katika nchi hii tu wachache. Mlango tutakaoufungua leo kwa ajili yetu, kesho watauingia walio wengi kuliko sisi.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuijue nadharia yenyewe. Haisemi kwamba nyani wa leo ndiye babu yetu. Yasema binadamu na nyani wana asili moja ya kale. Wanazuoni wetu wamehitilafiana juu yake: wako waikataao yote, na wako waikubalio kwa mimea na wanyama, wakasimama kwa Nabii Adam. Asiyejua lisemwalo hawezi kulijibu.

Pili, mtoto asome na ajibu mtihani kama alivyofundishwa. Kuijua kauli ya mtu si kuiamini.

Tatu, imani ya mtoto ni amana yetu, si ya mwalimu wa biolojia. Madrasa isiyoweza kulipokea swali la kijana humfukuza kijana huyo bila kumwambia toka. Tuwatafutie walimu wanaozijua elimu zote mbili, na tuwalipe.

Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa na imani thabiti. Amin.