Oda ya Bei ya Chini: Ipokewe au Ikataliwe?
Msikilizaji, hesabu za biashara si za kumwonyesha ofisa wa kodi peke yake. Zipo pia za kumsaidia mwenye biashara kuamua. Tuseme muuza chapati analipa pango la shilingi 120,000 kwa mwezi, na anauza chapati 1,200 kwa shilingi 500 kila moja. Unga, mafuta na mkaa vinakula 300 kwa chapati. Akiongeza na mgao wa pango, kila chapati inamgharimu 400. Sasa shule inataka chapati 200 za ziada, kwa 350. Wengi wangekataa wakiona hasara. Hawajapiga hesabu sawasawa: pango halipandi kwa sababu ya oda hiyo, hivyo kila chapati inamwachia 50, jumla 10,000.

Utauliza, basi si auze zote kwa 350? La. Kwa bei hiyo angehitaji kuuza chapati 2,400 ili kufidia pango tu, wakati kwa 500 zinatosha 600. Tena jasho lake mwenyewe, ambalo wengi hulisahau, bado hatujalihesabu. Na oda ikimlazimu kuajiri kibarua kwa 15,000, ile faida ya 10,000 inageuka hasara ya 5,000.