Asiyekuwapo, Simu Yake Ipokewe: Jinsi ya Kuelekeza Simu za Ofisi na Biashara

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wafanyabiashara, walimu, wahudumu wa afya ya jamii na vijana wa Sigalagala. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwapo.



Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Leo nataka tuupinge msemo huo kidogo. Nataka tuone jinsi mtu anavyoweza kutokuwapo, na lake likawapo, kwa sababu simu yake imeelekezwa kwa mtu mwingine anayeweza kuipokea.

Nianze kwa kuungama kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, niliandaa tangazo la chanjo ya mifugo. Chini yake niliandika nambari ya mkono ya mwenzangu aliyekuwa akisimamia shughuli ile. Tangazo likabandikwa madukani na kwenye milango ya makanisa. Baada ya muda mfupi mwenzangu akahamishwa kikazi. Wakulima waliendelea kumpigia wakiuliza ng'ombe wapelekwe wapi na siku gani, naye yuko mbali na hajui ratiba. Wengine walipiga akiwa safarini, simu haipatikani, wakakata tamaa. Mkulima aliyekosa chanjo hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kwa kutangaza nambari ya mtu badala ya nambari ya huduma.

Tazameni kuta za soko letu hapa, njia ya Butere inapoachana na barabara kuu ya Kisumu–Kakamega. Kila mlango una nambari: duka la vifaa vya ujenzi, duka la dawa, nyumba za kupangisha wanafunzi wa Polytechnic, steji ya bodaboda. Karibu zote ni nambari za mtu mmoja. Mtu huyo akiugua, akienda matanga, au akiwacha kazi, ule mlango umefungwa hata kama duka liko wazi.

Nambari iliyoandikwa ukutani inafaa iwe ya ofisi au ya biashara, na simu ipokewe na yeyote aliye zamuni. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na huduma ya kuelekeza simu.

Simu huelekezwaje?

Wengi hudhani simu ya mkono ndiyo inayoituma simu kwingine. Sivyo. Kazi hiyo hufanywa na mtambo wa kampuni ya simu. Mteja anapopiga nambari yako, mtambo huangalia kwanza kama umeacha maagizo. Ukikuta agizo, unaifikisha simu kule ulikosema. Ndiyo maana simu inaweza kuelekezwa hata kama kifaa chako kimezimwa, kimeibwa au kimeanguka mtoni.

Kuna agizo la aina nne, na kila moja lina nambari yake. Kwa simu za mkono nambari hizi ni za kiwango cha kimataifa. Alama mtakazotumia ni nyota (*) na reli (#), ile ya mistari minne iliyokatana.

Agizo la 21 huelekeza kila simu, bila hata simu yako kulia. Unapiga **21*, unaandika nambari itakayopokea, unamalizia na #, kisha unabonyeza kitufe cha kupiga.

Agizo la 67 huelekeza simu pale tu unapokuwa ukiongea na mtu mwingine. Unaanza na **67*.

Agizo la 61 huelekeza simu ikilia bila kupokewa. Unaanza na **61*. Hapa unaweza hata kuchagua isubiri sekunde ngapi, kuanzia 5 hadi 30, kwa kuruka tano tano. Ukitaka sekunde 20, baada ya nambari unaandika **20 kisha #.

Agizo la 62 huelekeza simu ukiwa umezima au uko mahali pasipo na mtandao. Unaanza na **62*.

Kufuta agizo ni rahisi: reli mbili, nambari ya agizo, reli moja. Kwa mfano ##21#. Ukitaka kufuta yote kwa pamoja, piga ##002#. Na ukitaka kujua kama agizo lipo, piga *#21# au *#62#, nawe utasomewa jibu kwenye kioo. Nambari hizi ziandikeni mahali, tutazirudia.

Kwa mwenye duka, ushauri wangu ni kuacha 21 na kutumia 61 na 62. Simu ianze kulia kwako. Usipoipokea, au ukiwa huna mtandao, iende kwa msaidizi wako.

Simu ya mezani

Vijana hapa huenda hawajawahi kuishika, lakini wazee wanakumbuka enzi za Posta na Simu, kabla shirika lile halijagawanywa mwaka 1999 kukawa na Telkom, Posta na tume ya kusimamia mawasiliano. Mtu alipanga foleni kwenye kibanda cha simu akiwa na sarafu mkononi. Wizi wa nyaya za shaba na ujio wa simu za mkono vilipunguza sana laini zile. Hata hivyo, ofisi na shule ambazo bado zina nambari inayoanza na 056, msimbo wa eneo letu, zina kitu cha thamani: nambari ambayo haihami na mtu.

Shida yake ni kwamba inalia juu ya meza, na saa kumi na moja jioni mezani hapana mtu. Dawa ni kuielekeza kwenye simu ya mkono ya aliye zamuni. Utaratibu hutegemea mtambo wa kampuni iliyokupa laini, kwa hivyo anza kwa kuwauliza wakuwashie huduma hiyo na wakupe maagizo yao. Usikisie zile za simu ya mkono.

Kama ofisi yenu ina swichibodi, ulizeni swali moja zaidi: agizo litawekwa kwenye swichibodi yetu au kwenye mtambo wa kampuni? Likiwekwa kwenye swichibodi, stima ikipotea na swichibodi ikazima, agizo nalo limezima. Likiwa kwenye mtambo wa kampuni, simu zitaendelea kuelekezwa hata mkiwa gizani. Hapa kwetu, mvua ikinyesha, mnajua swali hilo si la mzaha.

Nambari ya mtandaoni

Aina ya tatu ni nambari isiyo na laini ya kuingiza kwenye simu wala waya ukutani. Inaishi kwenye kompyuta ya kampuni iliyokupa. Mwenyewe unaingia kwenye ukurasa wako wa intaneti na kuandika kanuni: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni simu iende kwa Wekesa, asipoipokea kwa sekunde 20 iende kwa Khasandi, usiku mteja asikie ujumbe uliorekodiwa. Majina hayo ni ya mfano tu.

Uzuri wake ni kwamba ukibadilisha mfanyakazi unabadilisha kanuni, na ukuta hauguswi. Na kama simu zinaelekezwa kwenye laini za kawaida za mkono, wapokeaji hawahitaji intaneti. Ubaya wake ni kwamba unailipia, mara nyingi kila mwezi. Usipolipa inaweza kuchukuliwa, nawe umeshaipaka rangi ukutani. Kabla ya kuichukua, hakikisha kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mkataba uandikwe kwa jina la biashara au la chama, si la kijana mmoja aliyekusaidia kujisajili.

Mambo matatu ya kuzingatia

Kwanza ni gharama. Simu iliyoelekezwa ni simu mbili. Mteja analipia simu ya kufika kwako, na wewe unalipia ile ya kutoka kwako kwenda kwa msaidizi. Usipokuwa na kredi, kwa kawaida simu haitavuka. Anayeelekeza simu zote siku nzima asishangae kredi ikiisha.

Pili, kinachoelekezwa ni simu za sauti. Ujumbe mfupi hauelekezwi. Ujumbe wa M-Pesa wa mteja aliyelipa utaingia kwenye laini ile ile ya kwanza. Msaidizi wako asitoe bidhaa kwa kuambiwa na mteja "nimetuma" eti kwa sababu simu zinamfikia yeye.

Tatu ni mzunguko. Ukielekeza kwa mkeo, na mkeo ameelekeza kwako, mteja hatampata yeyote. Kabla ya kuelekeza kwa mtu, mwulize kama yeye naye ameelekeza.

Wahudumu wa afya nawaongezea la nne. Anayekupigia kuhusu ujauzito wake au dawa zake anaamini anaongea na zahanati. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Simu za zahanati zielekezwe kwa mhudumu mwenzako aliye zamuni, kamwe zisielekezwe kwa mtu wa nyumbani. Na palipo na hatari ya maisha, mfundisheni mwananchi nambari za dharura, 999 na 112, asitegemee simu ya zahanati peke yake.

Mlango huu una mwizi wake

Sasa nifikie jambo lililonifanya niombe nafasi hii.

Inasimuliwa kwamba huko Kansas City, Marekani, kulikuwa na mzishi aliyeitwa Almon Strowger. Zama zile simu ziliunganishwa kwa mkono na wahudumu waliokaa kwenye mtambo. Strowger aliamini kuwa mhudumu mmoja alikuwa akiwaelekeza wafiwa kwa mzishi mwingine, mshindani wake. Kwa hasira akabuni mtambo unaounganisha simu wenyewe bila mhudumu, akapewa hataza yake mwaka 1891. Alikuwa ameelewa jambo moja: anayeamua simu yako iende wapi ameshika riziki yako.

Tapeli wa leo analielewa pia. Anakupigia na kujifanya anatoka kampuni ya simu. Anasema laini yako ina hitilafu, au umeshinda zawadi, au laini itafungwa leo. Kisha anakuomba upige nambari fulani "ili turekebishe". Anaanza kukusomea: nyota, nyota, mbili, moja, nyota... Sasa mnajua ni nini. Anakufanya umpe simu zako zote kwa mkono wako mwenyewe, bila kuigusa simu yako.

Baada ya hapo mambo mawili hutokea. Huduma kadhaa za mtandaoni, WhatsApp ikiwemo, zinaweza kusoma namba ya siri kwa simu ya sauti. Simu hiyo itamfikia tapeli, naye ataingia kwenye akaunti yako. Lakini linalouma zaidi ni hili: mama yako anakupigia, na tapeli anapokea. Anamwambia, "Mwenye simu amepata ajali, tuko hospitalini, tuma pesa haraka." Mama amepiga nambari ya mwanawe mwenyewe, ile anayoijua kwa moyo. Atakosaje kuamini?

Kwa hivyo, yeyote akikuomba upige kitu kinachoanza na nyota na kuishia na reli, na ndani yake kuna nambari ya mtu usiyemjua, kata simu. Kampuni haihitaji uibonyezee chochote ili irekebishe mtambo wake. Ukishuku kuwa umeshafanya hivyo, piga ##002# papo hapo, kisha hakikisha kwa *#21#. Halafu mwarifu mhudumu wa kampuni yako, na uwatahadharishe jamaa. Kama pesa zimetoka, nenda kituo cha polisi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 ipo kwa ajili ya makosa kama haya.

Wengine wameambiwa kuwa *#21# inaonyesha kama serikali inasikiliza simu zao. Hiyo si kweli. Inaonyesha kama simu zako zimeelekezwa kwingine, na hilo peke yake linatosha kukufanya uipige leo.

Kazi ya kufanya nyumbani

Naomba kila mmoja wetu afanye mambo matatu kabla ya Jumapili. Piga *#21# na *#62# kwenye simu yako, kisha kwenye simu ya mzazi wako. Halafu azima simu ya jirani, upige ile nambari iliyoandikwa kwenye ukuta wa duka, shule au zahanati yako, saa ambayo wewe hauko. Sikiliza mteja wako husikia nini. La mwisho, kaeni na wenzenu muamue nambari hiyo ni ya nani: ya mtu, au ya kazi.

Mimi kwa upande wangu, tangu tangazo lile la ng'ombe, silipeleki tangazo lolote kwa mchapishaji kabla ya kupiga nambari iliyo chini yake. Nikipiga na pasiwe na anayepokea, tangazo linasubiri.

 Kama kuna maswali, tuanze na akina mama walioko nyuma.