Merere na Kisasi cha Usangu

Mtemi tunayemchambua leo hakuwa wa kwetu hapa ukanda wa ziwa. Ni Merere wa Wasangu, na wazee wa Unyakyusa walimjua kwa mashambulizi yake.

Mwaka 1877 konsuli Mwingereza Frederic Elton, aliyekuwa akichunguza biashara ya watumwa, alishuka kaskazini mwa Ziwa Nyasa, akapanda milima ya Unyakyusa hadi Usangu. Huko yeye na wenzake wakajikuta ndani ya boma lililozingirwa na Wahehe, na bunduki zao zikafyatuliwa kumtetea Merere. Elton alifariki Desemba mwaka huohuo akiwa Ugogo. Wahehe hawakukoma, na hatimaye Merere akalazimika kuiacha nchi yake, yale mabonde yenye malisho ya ng'ombe.

Alikimbilia Usafwa, karibu na Mbalizi ya leo. Akajenga ngome, akaiita Utengule, jina la makao aliyonyang'anywa. Hapo ndipo simulizi hii inaponigusa zaidi. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa mkuki aliwatawala kwa mkuki Wasafwa waliokuwa na nchi yao, kisha akawashambulia na Wanyakyusa wa milimani. Uchungu wake ulikuwa wa kweli kabisa. Ni nani asingeulilia Usangu? Lakini Mhehe aliyemkosea alikuwa mbali na mwenye nguvu, na Msafwa alikuwa jirani. Watu wa kwanza kukilipia kisasi chake hawakuwa na kosa lolote.

Merere mzee alifia uhamishoni. Mwanawe akarithi jina na deni lile la kisasi. Wajerumani waliokuwa wamepigwa vibaya na Mkwawa, mtemi wa Wahehe, pale Lugalo Agosti 1891 walikuwa wakitafuta watu wenye sababu ya kumchukia, na Wasangu walikuwa nayo tele. Walipojenga ngome Iringa mwaka 1896 na kuanza kumsaka Mkwawa, Wasangu walikuwa upande wao, na Merere kijana akarudishwa Usangu. Mkwawa alijiua Julai 1898.

Wapo wanaomwita Merere msaliti. Mimi naona neno hilo limetupwa haraka mno. Kwa Msangu wa wakati ule, adui aliyekaa kwenye shamba la babu yake alikuwa Mhehe. Mjerumani alikuwa mgeni mwenye bunduki, kama Elton alivyokuwa. Ila mgeni huyu hakupita njia: mwaka 1898 alianza kudai kodi ya nyumba, na Msangu aliyerudi kwao aliilipa sawa na Mhehe na Mnyakyusa.

Ningependa kusikia simulizi hii ikianzia kwa Wasafwa. Vitabu vingi huwataja kama watu waliokuwepo tu, ngome ilipojengwa, na tena Wasangu walipoondoka. Wazee wa Mbalizi wenye habari za babu zao kuhusu miaka ile, studio yetu iko wazi kwenu.