Nani Alibaki Kusikiliza? Hadhira ya Mhadhara wa Mtandaoni



Kila tunapomaliza mhadhara wa mtandaoni, swali la kwanza huwa, "Walijiunga wangapi?" Jibu huandikwa kwenye ripoti, na shughuli imekwisha. Leo naomba tuikatae hesabu hiyo.

Aprili 2020, watu wengi duniani wakiwa wamejifungia majumbani, kampuni ya Zoom ilisema ina watumiaji zaidi ya milioni 300 kwa siku. Haukupita muda ikasahihisha: hao walikuwa washiriki wa mikutano, maana yake aliyeingia mikutano mitano kwa siku alihesabiwa mara tano. Idadi hiyo haikutuambia walikuwa watu wangapi, sembuse nani alibaki kusikiliza.

Chuo cha MIT cha Marekani kilikutana na jambo hili mapema zaidi. Mwaka 2012 kilifungua mtandaoni kozi ya bure ya saketi na elektroniki. Walijisajili takriban 155,000. Waliofaulu wakawa 7,000 na ushei. Wapo walioliita anguko. Mimi nauliza: mhadhiri gani hufaulisha watu 7,000 kwa muhula mmoja? Wala siamini kwamba wengine wote walishindwa. Wapo wanaotaka somo moja tu. Wakishalipata, huenda zao.

Lakini wapo pia tunaowafukuza wenyewe. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video kwenye jukwaa la edX. Hata video iwe ndefu kiasi gani, muda wa kati wa kuitazama haukuzidi dakika sita. Waliona pia kwamba mwalimu anayezungumza kwa ari, aliyerekodiwa mezani pake, huweza kumshika mtazamaji kuliko video ya studio ya gharama kubwa.

Sasa itazameni mihadhara yetu. Dakika hizo sita tunazimalizia kwenye "mnanisikia?", kutaja vyeo vya wageni na kuwangoja wanaochelewa. Ukumbini msikilizaji huona haya kuinuka katikati ya hotuba. Mtandaoni hakuna wa kumwonea haya, na bando linakwisha. Mwanafunzi aliyeko Kigoma, anayesikiliza kwa simu huku amezima kamera kuokoa data, analipia kila salamu yetu. Tena mtandao wenyewe hauna dhamana: Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilivurugika Tanzania, Kenya na Uganda.

Kwa mwanafunzi huyo, rekodi ndiyo mhadhara wenyewe. Basi hoja kuu itangulie, wasifu wa wageni uandikwe kwenye mwaliko, na sauti peke yake iwekwe ili apakue bila video.

Linaloniuma zaidi ni swali. Anayetazama usiku, baada ya kazi, husikia wenzake wakijibiwa, naye hana pa kuulizia lake. Naomba chuo kipokee maswali kwa wiki mbili baada ya kila mhadhara, hata kwa ujumbe wa simu, na mzungumzaji ayajibu kwa maandishi. Mimi nitaanza na mhadhara huu.