Kilabu Kikibomolewa, Nani Atalala Pale?

(Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana wa chama Kiomboi, Iramba. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeondoa utani wa katikati na matangazo.)

 

Nimeambiwa nina dakika ishirini, na kwamba nisiwapigie sheria kama niko darasani. Nitajitahidi. Ila mada mliyonipa ni viwanja vya starehe vya zamani kugeuzwa makazi, na kwenye ardhi ukikimbia sheria, yenyewe inakufuata mpaka nyumbani.

Nianze na eneo ambalo wengi humu bado wana hasira nalo. Bilicanas.

Kwa mliokuwa shule ya msingi wakati ule: Bilicanas ilikuwa klabu ya usiku Mtaa wa Mkwepu, katikati ya Dar es Salaam. Jengo lilikuwa la Shirika la Nyumba la Taifa, na aliyeendesha biashara ni kampuni ya Freeman Mbowe, mwenyekiti wa chama kwa wakati huo. Septemba 2016 dalali akafika, vyombo vikatolewa nje, pamoja na vya gazeti la Tanzania Daima lililokuwa na ofisi humohumo. Shirika lilisema linadai kodi ya pango ya zaidi ya shilingi bilioni 1. Mbowe alisema yeye si mpangaji pale, ni mbia. Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, mwaka huohuo ikaona shirika lilikuwa na haki ya kumtoa. Mwanzoni mwa 2017 jengo likashushwa, likabaki vumbi.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Tulipiga kelele sana, na sikatai kwamba kisasi cha kisiasa kipo katika nchi hii, wote tunakijua kwa sura. Lakini kelele zetu zote ziliishia kwa mpangaji. Habari za kiwanja hatukuuliza. Kiwanja cha shirika la umma, mjini kabisa, kimebaki wazi: kitajengwa nini? Vyumba vingapi vya watu kulala, na vingapi vya ofisi? Muuza duka wa Kariakoo ana nafasi humo? Mwanafunzi anayelala wanne kwenye chumba kimoja Sinza, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, anahusika au ndiyo apite tu akiangalia vioo?

Swali lile lilikuwa letu kuliko la mtu mwingine yeyote. Shirika la Nyumba lilianzishwa 1962, nchi haijamaliza hata mwaka mmoja na nusu wa Uhuru, ili watu wapate nyumba. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 Msajili akaunganishwa na shirika. Kwa hiyo unapopita mjini Dar, majengo mengi ya zamani unayoyaona ni mali yako wewe uliyeshuka Ubungo na begi la alizeti. Ibara ya 27 ya Katiba inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Inasema wajibu. Haikusema "kama una nafasi".

Mtaniambia, dada, Mkwepu ni mbali. Ni kweli, ukishuka Misigiri na kupanda basi unashinda kutwa nzima kabla hujaiona bahari. Haya, turudi kwenye vilabu vya huku kwetu.

Kila mji wa wilaya ninaoufahamu una kilabu cha pombe, au una mahali wazee wanapoonyesha kwa kidole wakisema "pale ndipo palikuwa kilabuni". Banda la mabati, mabenchi ya mbao, mapipa, komoni na wanzuki. Eneo ni la halmashauri, au la chama tangu enzi za TANU, au hakuna mwenye uhakika. Kilipowekwa kilikuwa pembeni ya mji, maana hakuna aliyetaka walevi waimbe karibu na zahanati. Mji ukakua, ukakizunguka. Leo kiwanja kina thamani kuliko pombe yote iliyowahi kunywewa juu yake, na hapo ndipo neno "makazi ya kisasa" linapoanza kusikika kwenye vikao.

Mimi sina ugomvi na nyumba. Mwalimu anayepangiwa kazi wilaya hii anahitaji chumba chenye choo cha kueleweka. Muuguzi anayetoka zamu usiku anahitaji kulala karibu na hospitali. Kilabu kikifa na nyumba zikasimama, sitalia. Ninachotaka tujue ni nani alikuwa amekalia kile kiwanja, na anaondoka na nini.

Aliyekalia ni mama. Wanywaji huja na kuondoka, lakini anayefika saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto ni mama mpika pombe. Analipa ushuru kila siku, anapewa risiti, risiti inalowa, anaitupa. Amelipia ada kwa pombe hiyo. Tusijifanye watakatifu, humu ndani wapo waliofika kidato cha nne kwa pipa la komoni. Siku tingatinga linapokuja anaambiwa yeye hana ardhi pale, ana meza tu.

Hapa ndipo nawaomba mnivumilie kidogo na sheria. Serikali inapotwaa ardhi, fidia haiishii kwenye thamani ya udongo na matofali. Kanuni za mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 zinataja posho ya usumbufu, posho ya makazi, usafiri, na kitu ambacho watu wengi hawajawahi kukisikia: faida iliyopotea. Unachukua faida halisi ya mwezi ya biashara iliyokuwa ikifanyika pale, unazidisha mara 36. Miaka mitatu! Mama aliyekuwa anabaki na shilingi 100,000 kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe: milioni 3 na laki 6. Huo ni mtaji wa kuanza upya.

Kikwazo ni kwamba kanuni inazungumzia hesabu zilizokaguliwa. Nani amewahi kumwona mkaguzi wa hesabu kilabuni, zaidi ya yule anayekagua kama chupa imejaa? Lakini isome mpaka mwisho. Inasema hesabu zilizokaguliwa pale inapobidi na inapowezekana. Maneno hayo machache ni mlango. Daftari la mama, hata la kurasa arobaini lenye mafuta, na zile risiti za ushuru, ndizo ushahidi wake. Sitawadanganya kwamba hiyo ni kesi nyepesi. Watabishana naye kwanza kama ana maslahi yoyote kwenye ile ardhi, au alikuwa mgeni tu aliyeruhusiwa kuuza. Ndiyo maana risiti isitupwe. Mama zangu, leo mkifika nyumbani, zile risiti ziwekwe kwenye kopo moja na cheti cha ubatizo.

Kuna watu walioshinda jambo la namna hii, na ni vizuri tuwajue. Magomeni Kota, Dar es Salaam. Wale hawakuwa na kilabu, walikuwa wapangaji wa nyumba za manispaa. Miaka ya 2011 na 2012 nyumba zikabomolewa kwa ahadi kwamba patajengwa mpya na wao watarudi. Wakatawanyika mitaani kupanga. Miaka ikapita, eneo likabaki nyasi. Oktoba 2016 Rais Magufuli akaenda pale, akaagiza Wakala wa Majengo ajenge, akasema wenyeji waishi miaka mitano bila kodi. Machi 2022 Rais Samia akazifungua.

Ninachotaka mkione ni namba: kaya 644. Zilipoondolewa zilikuwa 644, na nyumba zilipokamilika zilikuwa zinadaiwa na kaya zilezile 644. Miaka kumi, marais watatu, na ile orodha haikufutika. Ahadi ya "wananchi watanufaika" haina mdai, maana wananchi ni kila mtu na hakuna mtu. Ahadi iliyofungwa kwenye majina ya watu 644 wanaojuana inadaiwa mpaka ilipwe. Na sisi wa upinzani tuwe waungwana, nyumba zile zilijengwa na serikali ya CCM na zimesimama. Ukificha hilo, kesho hakuna atakayekuamini ukisema la kweli.

Ila hadithi haikuishia kwenye kukata utepe. Ilipofika suala la kununua, bei iliyotajwa ilikuwa zaidi ya milioni 48 kwa nyumba ya chumba kimoja na zaidi ya milioni 56 kwa vyumba viwili, na wakazi wakalalamika kwamba hawaziwezi. Sasa fikiria bei kama hiyo ikihamia Kiomboi. Gunia ngapi za alizeti? Ndiyo maana mimi neno "gharama nafuu" nikilisikia nauliza nafuu kwa nani, na imepimwa kwa mshahara wa nani. Singida mjini, pale Unyankumi, zipo nyumba za Shirika la Nyumba zilizoitwa za gharama nafuu. Nendeni mkazitazame, ni nzuri. Kisha muulize ndani wanaishi watu wa kazi gani.

Kuna jambo moja nyeti, nitalipitia haraka kwa sababu naona mwenyekiti anaangalia saa. Viwanja vingine vya kilabu, ukumbi na mpira tunaambiwa ni vya CCM. Uwanja mkubwa wa mpira wa mkoa wetu, ule wa Namfua ambao sasa unaitwa Liti, ni wa CCM. Mpaka mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 chama kilikuwa kimoja, na mchango wa chama na mchango wa kijiji vilitoka mfuko uleule wa babu yako. Wenyewe CCM mwaka 2017 waliunda timu chini ya Dk. Bashiru Ally kuhakiki mali zao. Kama mwenye mali anahitaji timu nzima kujua ana nini, wewe jirani una kila sababu ya kuuliza. Msiende kubishana kijiweni. Nendeni mkafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Karatasi ikisema ni cha CCM, tutajua tunabishana na karatasi. Ikisema ni cha halmashauri, mjadala unaanza upya, na unaanzia kwenye Baraza la Madiwani, ambapo una haki ya kuingia na kukaa kusikiliza.

Na hata mwenye hati hajengi anavyotaka. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inataka kibali cha kuendeleza, na kiwanja kilichopangwa kwa shughuli za jamii hakigeuki makazi kwa sababu mkurugenzi ameamka vizuri. Kuna maombi, kuna mchoro, kuna kikao kinachokaa. Kila hatua inaacha karatasi, na karatasi hizo zinaombeka.

Nimeulizwa kabla ya kikao kama tuandae maandamano. Kuhusu nini? Hatujui viwanja vipo vingapi. Tuanze hapo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia yeyote haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Wakikataa, waseme sababu kwa maandishi. Tunaomba vitu vinne: orodha ya viwanja vya halmashauri ndani ya mji vilivyokuwa vilabu, kumbi au magulio, matumizi yaliyopangwa kwa kila kimoja, mihtasari ya vikao vilivyovijadili, na mikataba yoyote ya ubia iliyosainiwa. Barua isitaje chama. Iandikwe na raia, kwa jina lake na kijiji chake, kwa sababu sheria inampa haki raia, na hatutaki mtu apate kisingizio cha kuisoma bendera badala ya barua.

Wakati barua inasubiriwa, vijana wawili na dada mmoja waende kilabuni asubuhi, kabla wanywaji hawajafika, wakaandike majina ya kila mama anayepika pale, ameanza mwaka gani, analipa ushuru kiasi gani. Jina, mwaka, kiasi. Msiende na fulana za chama, na msinunue kitu mpaka mmalize kuandika.

Nani ana mwandiko mzuri hapa? Barua tunaiandika leo kabla ya chai. Nakala mbili. Moja mnaiacha masijala, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa mrudi nayo, maana zile siku 30 zinahesabiwa kuanzia tarehe ya ule mhuri.