Mlumbi: Neno Lililoachwa Darasani
(Mhadhara wa umma uliosomwa Kilifi)



Neno nililolichagua ni neno ambalo wengi wenu, na khasa vijana, mmelikuta darasani tu, katika somo la fasihi simulizi, mkaliandika daftarini kwa ajili ya mtihani, kisha mkaliacha huko huko: mlumbi. Asili yake ni kulumba, yaani kunena hadharani kwa wingi wa maneno na kwa ufasaha. Na ni ajabu ya lugha kwamba kitenzi hiki kimekwisha kutoweka vinywani mwa watu, ilhali mwanawe, malumbano, yu hai, na kila jioni husikika katika taarifa ya habari akiwa na maana ya ugomvi wa wanasiasa. Jambo hili hunihuzunisha, wala sioni haya kulikiri mbele yenu.

Mwenye maneno mengi hakukosa majina katika pwani hii. Yuko mpayukaji, asemaye kwa kelele lisilo na maana. Yuko mropokaji, alitoaye neno kabla hajalipima. Yuko domokaya, ambaye siri haikai kwake. Na mtoto awadakizaye wakubwa huambiwa ana kilimilimi, au kidomodomo, maneno ambayo hata mlio wake huiga ulimi usiotulia. Yote hayo ni lawama. Mlumbi peke yake ndiye aliyesifiwa kwa kusema sana, na sababu yake, kwa rai yangu, haimo katika ulimi wake bali katika masikio ya waliomzunguka, kwa maana mlumbi hakuwa mlumbi mpaka awe amepewa ruhusa ya kusema na kusikizwa. Hapa kwetu ruhusa hiyo ina sauti. Mzee wa Kimijikenda asimamapo kunena huanza kwa kuita, “Taireni!” na kaumu nzima humjibu, “Za Mulungu!”, na akiisha kufika mbali katika maneno yake huita tena, ajue kama wangali pamoja naye. Mpayukaji hana haja ya jibu hilo, maadam yeye husema hata ukutani.

Sasa natuutazame mfano ulio mkubwa kuliko yote katika ardhi hii. Mwaka 1913, serikali ya Kiingereza ilipowataka Wagiriama, ambao ni Wamijikenda, watoe kodi na watoe vijana wao wakafanye kazi za watu wengine, alitokea Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane asiye na cheo chochote cha serikali, akaenda kijiji hata kijiji akicheza kifudu, ambayo ni ngoma ya mazishi, na watu walipokusanyika kuitazama ngoma akawahutubia, hata wakafika Kaya Fungo, msitu wao mtakatifu, kula viapo, wanawake kile cha mukushekushe na wanaume kile cha fisi, kwamba hawatashirikiana na watawala. Naomba mzingatie uteuzi wa ngoma ile. Hakuita watu kwa ngoma ya harusi. Aliwaita kwa ngoma ambayo kila Mgiriama aliposikia alijua kuna msiba, kwa hiyo kabla hajafungua kinywa hoja yake ilikuwa imekwisha kutolewa nusu. Hiyo ndiyo balagha, na hakujifunza chuoni.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Na mapema mwaka 1914 wakatoroka, wakarejea pwani. Mwezi wa Agosti serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Fikirini: waliokuwa na bunduki na askari waliona haiwatoshi kumwondoa msemaji, ikabidi pavunjwe na mahali pa kukusanyikia. Mwenye mamlaka humwita mtu kama huyu mchochezi, na sisi tuliozaliwa baadaye, tukiwa hatuna neno jingine mkononi, huenda tukalikariri jina hilo hilo, ilhali lugha yetu ilikuwa na neno lake tangu zamani, neno la heshima, nalo tumeliachia karatasi za mitihani.

Mtakapokwenda matangani Kaloleni au Ganze, na mzee akasimama akaita “Taireni,” msikilizeni vyema: tazameni kama ataongeza hata neno moja kabla hajajibiwa.