Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Jembe: Kazi ya Pamoja na Maelewano ya Mataifa Mjini Mbale

1. Utangulizi



Nimeombwa nizungumzie mabadilishano ya utamaduni na maelewano kati ya watu wa mataifa mbalimbali. Mada hii huvuta maneno matamu, na mikutano mingi huridhika nayo. Ngoma huchezwa, kanga na gomesi huvaliwa, picha hupigwa, kisha kila mtu hurudi kwao na mawazo yale yale aliyokuja nayo.

Wahenga walikuwa na utaratibu mkali zaidi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitaja methali hii kwa kumcheka mgeni mvivu. Mimi naiona kama kanuni ya ujirani: siku mbili za kwanza mgeni anakirimiwa, na siku ya tatu anaaminiwa, kwa kuwa hakuna anayemkabidhi shamba lake mtu asiyemwamini.

Hoja yangu ni hii. Watu wa mataifa tofauti huelewana wanaposhika kazi moja, kazi ambayo mwenyeji ana uwezo wa kuikagua na ambayo mgeni naye huondoka nayo akiwa amefundishwa jambo. Sharti moja likikosekana, tunabaki na ukarimu au msaada. Vyote viwili ni vyema, lakini maelewano hayajafika. Nitaitetea hoja hii kwa mifano ya hapa Mbale, na mmoja wa Jinja ambao ni onyo.

2. Mji wa watu waliokuja

Mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya Uganda, aliweka makao chini ya mlima huu ambao wenyeji wanauita Masaba na ramani zinauita Elgon. Hakuja kwa heri tupu, alikuja na bunduki. Lakini wafuasi wake walibaki, wakaoa, wakalima, na ndiyo maana mpaka leo Kiganda kinasikika sokoni pamoja na Kimasaaba, Kigwere, Kiteso na Kiswahili. Wafanyabiashara wenye asili ya India walijenga maduka, wakafukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na baadaye baadhi yao wakarejea Uganda. Mwaka 1988 kilifunguliwa hapa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kutokana na uamuzi wa mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore, Pakistan, mwaka 1974. Kilianza na wanafunzi 80. Leo kinapokea vijana wa nchi nyingi, wakiwamo wasio Waislamu.

Kwa hiyo tunapouliza jinsi ya kuishi na wageni, Mbale haina haja ya kuazima majibu mbali.

3. Jando: urithi uliotoka kwa jirani

Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ifikapo Agosti, uwanja wa Mutoto hujaa watu kwa ufunguzi wa imbalu, jando la Wamasaaba. Ngoma za kadodi hupigwa, vijana hupakwa unga wa nafaka, ndugu huwasindikiza kutoka nyumba hadi nyumba. Upande wa pili wa mlima, Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia nao hutahiri katika miaka hiyo hiyo. Hawa ni watu wa shina moja. Mwaka 1902 Waingereza waliikata sehemu ya mashariki ya Uganda na kuiingiza katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wenye jando hawakuacha kutembeleana kwa sababu ya mstari huo.

Sikilizeni wazee wanavyoeleza asili ya desturi hii. Wamasaaba husimulia juu ya Nabarwa, binti wa majirani wa Kikalenjin, aliyekataa kuolewa na babu yao Masaaba mpaka atahiriwe kama wanaume wa kwao. Wabukusu humtaja Mango, shujaa aliyeua nyoka mkubwa, naye katika masimulizi yao alitahiriwa kwa mkono wa majirani hao hao wa Kikalenjin. Masimulizi ni tofauti, lakini yanakubaliana katika jambo moja: desturi ambayo Mmasaaba anajivunia kuliko zote aliipokea kwa jirani asiyesema lugha yake. Wazee hawakulificha deni hilo. Walilitia katika hadithi ili kila mtoto alijue.

Angalieni pia nani ana nafasi katika sherehe yenyewe. Mjomba aliyevuka kutoka Bungoma ana wajibu: anatoa kuku au mbuzi, anaimba, anamsimamia kijana, analala kwa ndugu zake. Mtalii aliyesimama kando na kamera hana kosa, ila hana kazi. Ameona damu na vumbi, lakini hakuona miezi ya maandalizi, madeni ya ukoo, wala mausia ambayo kijana hupewa baadaye. Tukitaka mgeni aielewe imbalu, tumfikishe mapema, akamenye malewa (machipukizi ya mianzi) pamoja na akina mama, akatwange karanga, akabebe maji ya wageni, na aambiwe wazi ni wapi kamera haiingii.

4. Kahawa: maelewano yenye daftari la hesabu

Mfano wa pili uko katika vilima vinavyouzunguka mji. Kakungulu, baada ya kukosana na Waingereza, alilishika Agano la Kale peke yake, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Hapo ndipo ilipoanza jumuiya ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Myahudi aliyeitwa Yosefu alikaa nao kwa miezi kadhaa, akawafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za chakula. Alipoondoka, mafunzo yake yalibaki. Amin alipoipiga marufuku dini yao, wengi waliiacha, na wachache walioshikilia waliiendeleza kwa siri hadi utawala wake ulipoanguka mwaka 1979.

Mmoja wa wanajumuiya hiyo, J.J. Keki, mkulima na mwanamuziki, alikuwa New York Septemba 11, 2001, karibu na majengo pacha yaliyobomolewa na magaidi siku hiyo. Aliporudi nyumbani aliamua kwamba chuki ya dini haitashindwa kwa mahubiri. Alikwenda kwa majirani zake Wakristo na Waislamu akawauliza: tunacho nini sote? Jibu lilikuwa kahawa. Mwaka 2004 wakaunda chama cha ushirika, Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, na uongozi wakaugawa kwa makusudi kati ya dini zote tatu. Kampuni ya Thanksgiving Coffee ya Fort Bragg, California, ikakubali kununua zao lao kwa masharti ya biashara ya haki.

Kwa nini mpango huu ulileta maelewano ambayo mahubiri mengi hayakuyaleta? Kwanza, kahawa ya arabika haidanganyiki. Buni ikichumwa mbichi au ikianikwa vibaya, gunia zima hushuka daraja, na mnunuzi hajali ni la Mwislamu au la Myahudi. Kila mwanachama akapata sababu ya kumfundisha jirani yake kuchuma vizuri. Pili, fedha zilipita katika daftari ambalo watu wa dini tatu walilisoma. Mtu huacha kumdhania jirani yake mabaya anapoiona hesabu kwa macho yake. Tatu, mnunuzi wa Marekani alihitaji kitu ambacho Mbale ilikuwa nacho. Hakuja kuwahurumia wakulima, alikuja kununua.

Utamaduni wenyewe haukusahaulika. Wakulima walitunga nyimbo juu ya bei, uchumaji na ujirani, na mwaka 2013 shirika la Smithsonian Folkways la Marekani lilizitoa katika albamu. Msikilizaji wa Boston au Chicago anayezisikia nyimbo hizo akiwa na kikombe mkononi anaupata utamaduni pamoja na sababu yake. Ngoma inayosafiri peke yake hugeuka burudani. Nyimbo hizi zilisafiri na kahawa, zikaeleza maisha ya waliozitunga.

5. Hospitali: ujuzi uliotoka Mbale

Tumezoea kufikiri kwamba ujuzi hushuka kutoka Ulaya na Marekani, nasi tukikinga mikono. Hospitali ya watoto ya CURE, hapa hapa mjini, inatoa ushahidi mwingine.

Mwaka 2000 Benjamin Warf, daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, alihamia Uganda pamoja na familia yake. Alikuta watoto wengi wenye ugonjwa wa kichwa kikubwa, ambapo maji hujaa ndani ya ubongo. Tiba aliyofundishwa kwao ilikuwa kuweka mpira mwembamba wa kupeleka maji kutoka kichwani hadi tumboni. Tatizo ni kwamba mpira huo huweza kuziba wakati wowote. Marekani mzazi humkimbiza mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Mzazi wa kijijini, aliye mbali na hospitali pekee yenye ujuzi huo, humzika mwanawe. Tena Warf na wenzake waligundua kwamba kwa watoto wengi wa hapa chanzo kilikuwa maambukizi katika miezi ya mwanzo ya uhai.

Mazingira ya mwenyeji ndiyo yaliyomlazimisha mgeni kufikiri upya. Katika mbinu aliyoifikia, daktari hutumia kamera ndogo na kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, kisha huunguza sehemu ya tishu zinazotengeneza maji hayo, na mtoto huenda nyumbani bila mpira. Madaktari Waganda waliishika kazi hiyo, wakaiendeleza Warf alipoondoka, na madaktari wa nchi nyingine wakaja Mbale kufundishwa. Warf aliipeleka mbinu hiyo Boston. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto wachanga 100 uliofanywa hapa, ukilinganisha mbinu hiyo na mpira wa zamani. Baada ya mwaka mmoja, maendeleo ya akili ya watoto wa makundi hayo mawili hayakuonyesha tofauti kubwa. Hilo nalo ni sehemu ya uaminifu: kazi iliwekwa kwenye mizani, mbele ya wote.

6. Miti na onyo la Jinja

Machi 2010 maporomoko ya ardhi yaliangamiza watu wengi Nametsi, wilayani Bududa. Baada ya maafa hayo, ushirikiano kati ya eneo hili na Wales, ambao tayari ulikuwapo kupitia wakazi wa mji wa Pontypridd huko Wales, uliweka nguvu katika upandaji miti. Lengo la kwanza la miti milioni 10 lilifikiwa mwaka 2019, kisha likapandishwa hadi milioni 25. Tangu mwaka 2014, kwa kila mtoto anayezaliwa Wales, mti mmoja hupandwa kwao na mwingine huku. Mpango mzuri, nami nauliza swali moja tu: mtoto wa Bududa anayeumwagilia mche huo atapata lini nafasi ya kwenda kuuona ule wa Wales? Urafiki ambao upande mmoja husafiri kwa urahisi na mwingine hukwama kwenye viza haujakamilika.

Jinja inatufundisha kwa uchungu zaidi. Mwaka 2019 akina mama wawili walifungua shauri katika Mahakama Kuu kuhusu vifo vya watoto wao, dhidi ya Mmarekani aliyeendesha kituo cha kuwahudumia watoto wenye utapiamlo ilhali hakuwa na taaluma ya udaktari. Mwaka 2020 shauri lilimalizwa nje ya mahakama, bila upande wa pili kukiri kosa. Sitaki kuhukumu moyo wa mtu. Nauliza tu kwa nini jamii nzima ilishindwa kumwomba mgeni cheti chake. Jibu tunalijua. Tuliona haya, tukadhani kuuliza ni utovu wa adabu. Heshima inayoogopa kukagua inaweza kuua.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila mpango wa kubadilishana wageni utaje kazi itakayofanywa, nani ataikagua, na mgeni atajifunza nini. Mpango usioweza kujibu hayo uitwe ziara, na upangwe kama ziara.

Pili, ukaguzi wa vyeti, hesabu na idhini ya wazazi uhesabiwe kuwa sehemu ya ukarimu wetu.

Tatu, tuanze na jirani. Tunaandika maombi marefu ya kuwapeleka walimu Ulaya, wakati shule za Mbale na za Bungoma zinaweza kubadilishana wanafunzi kwa nauli ya basi. Mwaka wa jando unatoa nafasi hiyo bila kusubiri mfadhili.

Nne, tukitumie Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali mwezi Julai 2022 kwamba kiwe lugha rasmi ya nchi. Wengi waliokikwepa walikisikia kwanza katika vinywa vya askari. Lakini kwa wafanyabiashara wanaopita mpakani Malaba na Busia, ni lugha ya bei na ahadi. Shule zikifundishe kwa kuanzia hapo.

8. Maswali ya mjadala

a) Katika kijiji au shule yako, ni mgeni gani aliyewahi kupewa jembe, na alijifunza nini kwenu?

b) Ni taarifa zipi ambazo kamati ya kijiji inapaswa kumdai mgeni kabla hajaanza kazi inayogusa watoto?

c) Wamasaaba na Wabukusu waliopo hapa wapendekeze: katika imbalu ijayo, mgeni wa taifa jingine apewe kazi gani, na anyimwe ipi?

Naomba makundi yaanze na swali la tatu, kwa kuwa wenye majibu yake wamo humu ukumbini, na majibu yaandikwe kwenye azimio la semina kabla hatujaachana.